Somo: Sufuria moja ya maharage kwa mwenye presha na mwenye damu pungufu

Ndugu zangu, hapa nyumbani Moshi tulikuwa tunapika sufuria mbili. Moja ya mama, aliyeambiwa apunguze chumvi kwa ajili ya presha, nyingine ya mdogo wangu aliyejifungua akapimwa damu ikawa chini. Ya mama haikuwa na ladha. Alikula vijiko vitatu, akasukuma sahani, na chuma, madini yanayosaidia kutengeneza damu, pamoja na zinki, madini mengine mwili unayoyahitaji, vikabaki humo humo sahanini. Siku hizi napika sufuria moja, na wote wanaimaliza.

Kabla ya yote, magadi. Sisi maharage na kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, bila magadi tunaona havijaiva. Lakini magadi yana sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi. Mama alikuwa anakwepa chumvi huku sodiamu anaila kila siku bila kujua, kwa sababu magadi hayana ule ukali wa chumvi ulimini. Niliumia sana nilipolielewa hilo, maana mpikaji nilikuwa mimi.

Hatua ya 1. Jioni osha nusu kilo ya maharage, loweka kwenye maji mengi hadi asubuhi, kisha mwaga maji hayo. Maharage, mahindi na ulezi vina kitu kinaitwa faiteti, ambacho hushikana na chuma na zinki tumboni, mwili ukashindwa kuzifyonza. Kuloweka hupunguza sehemu ya faiteti, na maharage yaliyolowekwa huiva upesi bila magadi. Ukiacha mengine yote, hili usiliache.

Hatua ya 2. Chemsha kwa maji mapya, bila chumvi.

Hatua ya 3. Kaanga kitunguu, kitunguu swaumu, tangawizi, hoho na nyanya nyingi. Tia dagaa wasiotiwa chumvi, kisha yale maharage yaliyoiva. Ukiwa sokoni Mbuyuni au Kiboriloni, onja mmoja kabla hujapimiwa. Kama hakuna dagaa, nyama kidogo inatosha. Chuma cha nyama na samaki hufyonzwa kirahisi kuliko cha mimea, na kipande kidogo tu husaidia hata kile cha maharage kufyonzwa. Vidonge vya supu na viungo vya mchuzi vya pakiti viache dukani, vingi vimejaa chumvi.

Hatua ya 4. Chumvi iingie mwisho, ukishaipua. Napima nusu kijiko cha chai kwa watu wanne, ile yenye madini joto. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima abaki chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha na ya kwenye mkate.

Hatua ya 5. Ndimu ikamuliwe mezani, si jikoni, kwa kuwa moto huharibu vitamini C, na hiyo ndiyo inayosaidia chuma cha maharage kuingia mwilini. Chai na kahawa zisubiri angalau saa moja baada ya kula. Najua kwetu kwenye kahawa hili ni gumu.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Dada, na mboga ya mnafu je? Bila magadi unakuwa mchungu. (Majengo)
Uchemshe kidogo, mwaga maji, kisha uunge kwa nyanya, kitunguu na karanga zilizosagwa. Uchungu hauishi wote, ila karanga huufunika.

Nina mimba, mume wangu ananiletea juisi ya bitiruti kila siku iongeze damu. Inatosha? (Pasua)
Hapana, mdogo wangu. Rangi nyekundu si kipimo cha chuma. Gramu 100 za bitiruti hazifikishi hata miligramu 1, na mjamzito anahitaji kama 27 kwa siku. Mshukuru baba kwa upendo wake, lakini vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki usiviache, na usivimeze kwa chai. Maini yana chuma kingi, ila yana vitamini A nyingi mno, hivyo ukiwa mjamzito waulize kwanza kliniki kabla ya kuyala mara kwa mara.

Shikamoo mwalimu. Chumvi ya mawe si salama zaidi kwa presha? (Himo)
Marahaba. Sodiamu ni ileile, na mara nyingi haina madini joto. Ile chumvi mbadala yenye potasiamu nayo mwenye ugonjwa wa figo asiiguse bila daktari.

Mtoto wangu ana miezi minane. Nimpe nini chenye zinki? (Kibosho)
Mama, mpe nyama au dagaa waliosagwa laini kwenye mtori, bila chumvi wala magadi. Mbegu za maboga zilizosagwa pia zinafaa. Na kwenye uji tumia ulezi ulioota, kimea kile kile tunachotilia mbege, pombe yetu ya ndizi: ukiota, faiteti hupungua. Ukaushe vizuri juani kabla ya kusaga, na uji uchemke hadi uive kabisa.