Makosa ya Kiingereza Yanayotokana na Kiswahili Chetu, na Namna ya Kuyasahihisha

Katika steshenari ninayofanyia kazi hapa Mbeya, wafanyabiashara wa mchele, parachichi na kahawa hutuletea barua na matangazo ya Kiingereza tuwachapie. Siku moja mteja alileta maneno ya bango la mchele wa Kyela, na mahali pa mchele aliandika "lice". Kompyuta haikupiga mstari mwekundu, kwa sababu hilo ni neno halali la Kiingereza: maana yake ni chawa.

Lugha nyingi za asili za nyanda hizi hazitenganishi sauti za l na r, na mkono huandika kile ambacho ulimi umezoea. Ukijijua una tatizo hilo, soma maandishi yako mara moja zaidi ukitafuta herufi hizo mbili tu, na uwe macho hasa kwa maneno kama "collect" na "correct", "play" na "pray", au "load" na "road", ambayo yote ni sahihi na kwa hiyo hayatakamatwa na mashine.

Tahajia ina ugumu wake, kwani Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, nacho Kiingereza kiliacha zamani. William Caxton alipoanzisha uchapaji Westminster mwaka 1476, herufi k ya "knight" ilikuwa bado inatamkwa. Sauti ikafa, herufi ikabaki. Basi usiandike kwa kufuata sikio. Ligawe neno: ndani ya "definitely" mna "finite", na "accommodation", neno linalokosewa katika mabango mengi ya nyumba za wageni, lina c mbili na m mbili. Hakikisha pia kompyuta imewekwa Kiingereza cha Uingereza, ama sivyo itakusahihisha "colour" na "centre" ambazo hukuzikosea.

Katika sarufi, kosa ninalolisahihisha mara nyingi kuliko yote ni "did not went" na ndugu yake "did you received". Mwandishi anaona kuwa jambo limepita, hivyo anakipa kila kitenzi alama ya wakati uliopita, ilhali "did" imekwisha kuubeba wakati huo peke yake. Kila uonapo "did", tazama kitenzi kinachoifuata na ukirudishe katika umbo lake la msingi: "did not go", "did you receive".

Nomino nazo zina mtego. Sisi tunahesabu vifaa na taarifa, lakini Kiingereza kinaichukulia "equipment" au "information" kama sisi tunavyouchukulia unga, ambao hauhesabiki mpaka utiwe katika debe au gunia. Usiongeze s, andika "two pieces of equipment". Kwa barua za kumpendekeza mtu, kagua "he" na "she" kuanzia mwanzo hadi mwisho, maana "yeye" yetu haichagui jinsia, na nimewahi kupokea barua ambamo binti wa aya ya kwanza alikuwa mvulana katika aya ya tatu.

Lililobaki ni saa, na hapa hasara huwa ya fedha. Mteja mmoja alimwandikia mnunuzi wa kigeni afike "at 2 o'clock" kupakia mzigo, akikusudia saa mbili asubuhi. Mgeni akafika saa nane mchana, vibarua wamekwisha kutawanyika. Ongeza au punguza saa sita, kisha andika "8.00 a.m." bila kuacha a.m. au p.m. Kwa safari za usiku angalia na siku yenyewe: lori linaloondoka usiku wa Jumatatu saa tisa, kwa Kiingereza linaondoka Jumanne, "Tuesday, 3.00 a.m."