Kusalimia, Kuita na Kuagiza: Mwongozo kwa Mtu wa Tanga Anayekwenda India

Wengi wetu hapa Tanga huenda India kwa matibabu au masomo, na wengi hurudi wakisema kwamba watu wa kule ni wakali. Nami nilisema hivyohivyo niliporudi kutoka Chennai, nilikompeleka mama kutibiwa, mpaka nilipotambua kwamba mengi niliyoyaona ukali yalikuwa adabu ya namna nyingine, na machache yaliyobaki ni mazito kuliko ukali.

Anza na neno la kumwambia mtu "wewe", kwa kuwa Kihindi kinayo matatu: tu, la mtoto au mwandani wa karibu sana, tum, la rafiki na rika, na aap, la mkubwa, mgeni na yeyote usiyemfahamu. Mgeni na atumie aap kwa kila mtu, hata kwa dereva wa bajaji, na aongeze ji baada ya jina. Chennai huzungumzwa Kitamili; huko muuzaji chai mwite anna, yaani kaka mkubwa, na mwanamke mwite akka, dada mkubwa, kama Delhi wanavyosema bhaiya na didi. Hili halitakupa taabu, maana nasi pale Ngamiani hatumwiti mtu kwa jina tupu.

Katika kuagiza ndipo wengi hukwazika. Sisi husema "naomba maji", lakini katika Kihindi ombi hukaa ndani ya kitenzi chenyewe: do ni "toa" ya kumwambia rika, na dijiye ni "toa" yenye heshima, hata neno la "tafadhali" likawa halihitajiki sana. Mtu aliyelelewa katika lugha hiyo akizungumza Kiingereza, kile kitenzi cha heshima hupotea, nawe husikia amri tupu: "Keti hapa," "Lete faili." Usimjibu kwa ukali. Akikuuliza una watoto wangapi au mshahara wako ni kiasi gani, mjibu kwa kifupi, kwani kwa wengi huko ndiko kujuana.

Toa na upokee kwa mkono wa kulia, kama kwetu. Vijana wa familia nyingi za Kihindu huinama na kugusa miguu ya wazee wao, ambayo ndiyo shikamoo yao. Mgeni halazimiki, viganja viwili vilivyokutana kifuani vinatosha.

Lililo zito ni daraja. Kwetu shikamoo hufuata umri, na karani kijana humwamkia mzee anayefagia ofisi bila kuona amejishusha. India umri hushindana na kazi, cheo na tabaka ambalo mtu amezaliwa nalo. Katiba yao, iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950, ilipiga marufuku katika ibara ya 17 desturi ya kuwaona watu wa baadhi ya matabaka kuwa najisi, na kamati iliyoandika rasimu yake iliongozwa na B. R. Ambedkar, ambaye naye alizaliwa katika tabaka la namna hiyo. Hata hivyo, zipo nyumba ambamo kikombe cha mtumishi huwekwa mbali na vya wenye nyumba.

Wodini kwetu alikuwapo mama mtu mzima aliyepiga deki kila asubuhi. Siku moja nilimvutia kiti anywe chai nasi. Alitazama mlango, akaketi sakafuni, akanywa harakaharaka. Nikasisitiza akae kitini, na muuguzi alipoingia, aliyekemewa ni yeye, si mimi. Kosa lile lilikuwa langu, na bado linaniuma.

Kwa hiyo usimlazimishe mtu kuvunja mpaka ambao adhabu yake ataibeba yeye baada ya wewe kupanda ndege. Yaliyo mikononi mwako ni mengine: uwe wa kwanza kumsalimu, umwite akka, umpe chai kwa mkono wa kulia katika kikombe kilekile mnachonywea ninyi, na akichagua sakafu, nawe shuka ukae naye chini.