SOMO: Namna ya kuomba kazi kwenye kikundi cha utafiti wa AI (akili mnemba) chuoni (kutoka kwa mtu aliyenyamaziwa mara 37)

Salaam wadau. Tangu nirudi likizo hapa Tudor, Mombasa, sijanywa kahawa hata siku moja bila kuulizwa "wewe hiyo kazi ya maroboti uliipataje", na kila mara naeleza nusu, adhana inapigwa, watu wanaondoka. Sasa naandika mara moja. Mimi nafanya PhD, yaani digrii ya uzamivu, kwenye kikundi cha AI cha chuo kimoja Ujerumani, na kabla hujauliza, hapana, sijawahi kugusa roboti.

HATUA YA 1: Jua unaomba nini

Kikundi cha utafiti ni profesa mmoja, pesa za mradi, na watu wake. Ndani yake kuna kazi tofauti: wanafunzi wa PhD, waliomaliza PhD wanaoendelea na utafiti (posti-dok), watafiti wasaidizi, waandika programu, na wale wa kukusanya data na kuikagua. Sasa hili ndo wengi hawalijui, Ujerumani, Uholanzi na kule Skandinavia PhD kwa kawaida ni ajira kabisa, una mkataba, unalipwa mwisho wa mwezi na kodi unakatwa. Inatangazwa kama kazi nyengine yoyote. Tangazo la Ujerumani utakuta limeandikwa TV-L E13, hiyo ni ngazi ya mshahara, na kando yake asilimia, mfano 65% au 100%. Msiiruke hiyo asilimia, manake ndo inayokwambia utalipwa kiasi gani cha hiyo ngazi, na 65% haimaanishi utafanya kazi mpaka saa nane mchana halafu uende zako.

Marekani ni habari nyengine. Kule unaomba kwa idara, si kwa profesa moja kwa moja, dedilaini nyingi ni Disemba, na waweza kuingia na digrii ya kwanza tu. Ulaya wengi wanataka uwe na masta.

HATUA YA 2: Pa kutafuta

EURAXESS kwa Ulaya, hiyo ni tovuti ya matangazo ya kazi za utafiti. ELLIS, mtandao wa watafiti wa AI wa Ulaya, wao wanakusanya maombi ya PhD ya vikundi vingi kwa pamoja, dedilaini huwa mwishoni mwa mwaka, tazama tarehe kwenye tovuti yao. Kurasa za maprofesa wenyewe, pale palipoandikwa nafasi za kazi, hapo ndo pazuri kuliko zote na ndo watu hawapaangalii. Hapa nyumbani, Dedan Kimathi kule Nyeri wana kituo cha data na AI, na mradi wa Kencorpus, uliokusanya Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya, uliendeshwa na vyuo vya hapahapa, Maseno, Nairobi na Africa Nazarene. Kwa masta muangalie AMMI, masta ya AI ya AIMS (taasisi ya hisabati ya Afrika), ilianza Kigali 2018.

HATUA YA 3: Uwe na kitu kimoja ulichokifanya

Hapa ndipo nilipopotea mwaka mzima. Nilikuwa na vyeti vya kozi za mtandaoni kumi na moja, nimevipanga kwenye CV kama sahani za harusi. Profesa havimsaidii kitu. Yeye ana swali lake moja analohangaika nalo miaka na anataka kujua kama wewe waweza kukaa na swali lisilo na jibu nyuma ya kitabu.

Kilichonitoa mimi ni nyanya yangu. Yeye ni mtu wa Mji wa Kale, anasema Kimvita cha haswa, Kiswahili cha Mombasa, na siku moja nikaandika maneno yake nikayatia kwenye programu ya kutafsiri kwa mzaha tu. Alikuwa amesema "mtoto yuwateka", yaani mtoto anacheka. Mashine ikatoa Kizungu kwamba mtoto anateka watu nyara. Nikajaribu "ndoo hapa", yaani njoo hapa, alikuwa akimwita mjukuu, ikatoa ndoo ya maji. Tukacheka nyumba nzima, lakini usiku nikawaza, hii si mzaha, hii ni makala. Mashine imelishwa Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja, sasa mato (macho) na mtele (mchele) na nti (nchi) hazijui.

Nikakusanya sentensi 200 za nyanya na majirani, kwa ruhusa yao, nikaandika na tafsiri sahihi kando, nikapanga makosa kwa aina: la sauti, la neno, la wakati. Kurasa 2. Basi. Hakuna modeli kubwa, hakuna hesabu za kutisha, jedwali moja na maelezo. Hiyo ndo ilifungua mlango, si vile vyeti.

Kama huna wazo ingia Masakhane, ni watu wa Afrika nzima wanaofanya utafiti wa lugha zetu kwa kujitolea. Makala yao ya MasakhaNER ya 2021, ya kuifundisha mashine kutambua majina ya watu na mahali, ilikuwa na lugha 10, Kiswahili ndani, na waliochangia wakaandikwa majina kama waandishi. Jina lako kwenye makala ya kweli hilo profesa analielewa bila kufafanuliwa.

HATUA YA 4: Imeli

Zile imeli 37 za mwanzo zote zilikuwa moja, nabadilisha jina tu, zinaanza kwa mheshimiwa sana na zinaendelea na historia yangu toka shule ya msingi, na moja nilisahau kubadilisha jina nikamtumia profesa wa Edinburgh salamu za mwenzake wa Zurich. Sikujibiwa hata na mmoja na mimi ningekuwa wao nisingejibu.

Ya 38 ilikuwa hivi, bila shaka kwa Kizungu lakini mpangilio ndo huu:

"Profesa fulani, nimesoma makala yenu ya mwaka jana kuhusu lahaja. Nimejaribu jambo la karibu na hilo kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, sentensi 200, na makosa mengi yanatokana na neno moja kuwa na maana mbili kati ya lahaja na sanifu. Ripoti ya kurasa 2 na data ni hizi hapa. Je, nafasi mliyotangaza inaingia kazi ya lahaja zisizo na maandishi mengi?"

Mistari mitano na swali moja mwishoni. Swali ni muhimu, manake mtu akiulizwa hujibu, akiombwa huahirisha. Alijibu baada ya siku nne, "ndiyo inaingia, tuma maombi kwenye mfumo". Angalia basi, hakunipa kazi, aliniambia nipite mlangoni kama wengine, lakini jina langu alikuwa ashalijua.

Usijibiwe wiki mbili, kumbusha mara moja tu. Baada ya hapo mwache.

HATUA YA 5: Makaratasi na interviu

Transkripti, ile karatasi ya alama zako za chuo, anza kuiomba jana. Yangu ilikaa wiki saba kwa sababu mfumo wa chuo ulisema nadaiwa shilingi 300 za maktaba, kitabu chenyewe nilisharudisha na risiti ninayo. Wahadhiri wa kukuandikia barua uwaambie mwezi mmoja kabla, uwape na ripoti yako waisome, la sivyo wataandika kwamba wewe ni kijana mwenye nidhamu, na hilo halimsaidii mtu.

Interviu huwa ya video. Stima ilipotea kwangu dakika ya kumi nikaendelea na simu na bando, hawakujali. Waliuliza ripoti tu: kwa nini 200, nani alikagua tafsiri, kosa gani siwezi kulieleza. Lile la mwisho nilisema ukweli kwamba yako mengi.

Visa, ubalozi uko Nairobi, hesabu nauli.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Mikindani: bro mi nina second lower nisumbuke ama niache?
Jibu: Sumbuka, ila anza na utafiti msaidizi au masta. Kuna mifumo inakata kwa gredi kabla profesa hajaona jina lako, kwa hivyo hapo ndo ile imeli inakuwa na kazi mara mbili.

Msomi Kilifi: nilisoma isimu Pwani, programu siandiki kabisa, haya yananihusu?
Jibu: Yanakuhusu kuliko yanavyomhusu yule wa kompyuta anayedhani Kiswahili ni kimoja. Jifunze Python, lugha ya kuandikia programu, kidogo, kiasi cha kufungua faili na kuhesabu, miezi mitatu yatosha.

Laptopu Yangu Inalia: bila mashine ya nguvu inawezekana?
Jibu: Colab na Kaggle, tovuti za kuendeshea programu, wanatoa GPU (chipu za nguvu za hesabu za AI) bure kwa saa kadhaa. Kazi yangu ya sentensi 200 niliifanya kwa laptopu iliyokosa herufi M.

Kijana wa Kongowea: kuna ajenti kaniambia nafasi ipo Kanada nitume elfu 15 za kushughulikia faili
Jibu: Usitume hata ya soda. Vyuo vyengine huwa na ada ya maombi, lakini hiyo unailipa kwenye mfumo wa chuo wenyewe, si kwa namba ya simu ya mtu. Na kazi haiulizi pesa.

Mama Wawili Kisauni: mwanangu wa kike ndio anataka, huko atakaa na nani jamani
Jibu: Mama shikamoo. Mwanzo ni upweke, siwezi kukudanganya, na baridi. Miji mingi ya vyuo ina msikiti na Waswahili wachache, mimi niliwapata wiki ya pili kwa kufuata harufu ya pilau. Mwambie aniandikie tuzungumze, na wewe uwepo.

Kijana wa Mikindani: nikutumie CV unitazamie?
Jibu: Tuma ikishakuwa kurasa 2. Toa namba ya kitambulisho, toa dini, toa alama za KCPE, na ile picha ya suti ya kuazima toa pia.