Kabla hujamwambia "sawa" mtu wa huduma kwa wateja, chomoa kwanza ule waya

Ndugu zangu wa ughaibuni, intaneti ya nyumbani ikishuka spidi ghafla usipige simu huduma kwa wateja kabla hujapima kwa waya. Narudia, usipige. Mimi nilipiga, na sasa nimefungwa na mkataba wa miezi 24 ambao sikuuhitaji.

Ilikuwa hivi. Kifurushi changu kilikuwa cha 500 Mbps (hicho ndicho kipimo cha spidi ya intaneti) na mwaka mzima sikuwa na neno nacho, siku moja narudi kazini nakuta video zinazunguka tu, watoto wanalalamika, kikao cha jioni kinakatikakatika. Napima kwa simu, 80. Napima tena 91, halafu 88. Nikazima rauta, kile kisanduku kinachogawa wifi, nikawasha, wapi. Nikapiga simu. Dada aliyepokea mpole kweli, akauliza mko wangapi nyumbani, vifaa vingapi, nikamtajia vyote, akasema basi kifurushi hakiwatoshi tena, nikupandishe kwenye Gbps 1, yaani 1000 Mbps? Nikasema sawa. Ile "sawa" imerekodiwa, ndiyo sahihi yenyewe, mkataba ukaanza kuhesabiwa upya siku ileile. Wakapandisha, napima: 92.

Kumbe ni waya. Ule mfupi unaotoka kwenye modemu (kile kisanduku kinachopokea intaneti kutoka nje) kwenda kwenye rauta, nilipohamisha vitu sebuleni mguu wa kabati uliukalia. Ndani yake mna nyuzi 8 zimesokotwa mbilimbili, na ili Gbps 1 ipite zote 8 lazima ziwe nzima. Ukiumia uzi mmoja, mara nyingi modemu na rauta vinashusha vyenyewe hadi 100 Mbps, maana hiyo inahitaji nyuzi 4 tu, na hakuna anayekwambia, taa zinawaka kama kawaida. Katika hiyo 100, unayoiona kwenye kipimo ni kama 94 hivi, na kwa wifi ni chini kidogo ya hapo.

Kwa hiyo ishikeni hiyo 94. Kama unalipia mamia ya Mbps na kipimo kimegota chini ya 95 asubuhi, mchana na usiku wa manane, shuku waya. Laini ikizidiwa na watu kweli huwa ina saa zake, jioni inazama, alfajiri inafufuka. Waya ulioumia haujui jioni wala alfajiri.

Namna ya kupima: chukua laptopu na waya MWINGINE, chomeka moja kwa moja kwenye modemu. Modemu nyingine zinakumbuka kifaa cha kwanza na kukataa kigeni, hivyo izime, chomeka laptopu, ndipo uwashe. Spidi ikija nzima, tatizo ni lako, ndani ya nyumba yako, na kifurushi kikubwa hakitalitibu. Njia nyingine, ingia kwenye ukurasa wa rauta uangalie tundu linaloleta intaneti limeandikwa 1000 au 100. Mimi lilikuwa limeandikwa 100 muda wote huo na sikuwahi kufungua. Kama modemu na rauta kwako ni kifaa kimoja, pima tu kwa waya kutoka kwenye kifaa hicho.

Nimewaza sana kuhusu watu wa huku. Yule dada hakunidanganya, alisoma maswali aliyopewa, na kwenye maswali yake hakuna "waya wako umekaaje". Nyumbani fundi unamjua kwa jina, anakuja, anashika, anatikisa, anakwambia huu umekufa. Huku hakuna anayekuja kushika kitu mpaka umeshalipia. Halafu sisi "sawa" tunaisema kwa adabu, kumaliza mazungumzo vizuri, wenyewe wanaihesabu kama kidole gumba kwenye karatasi. Ukiulizwa chochote chenye neno kifurushi au ofa, jibu ni moja: nitumie kwa maandishi, nitasoma. Kama umeshakubali, wahi. Nchi za Umoja wa Ulaya zinakupa siku 14 za kujitoa kwenye mkataba uliokubaliwa kwa njia ya simu, mimi niligundua waya siku ya ishirini na kitu. Huko uliko ulizia siku zako leo hii.

Na nyie wageni wetu, wadogo zangu mnaokuja kutembea, nawapenda ila kile kitundu kidogo nyuma ya rauta msikichokonoe na pini. Kuzima na kuwasha ni kitu kingine, kile kinafuta kila kitu, na jina la wifi na nywila. Na apu za "kuongeza nguvu ya wifi" kwenye simu haziongezi chochote, zifuteni.

Kama kwa waya spidi ni nzima na wifi ndiyo mbovu, hapo ni habari ya hewani. Wifi ina masafa yake, angalia simu imeshika ya GHz 2.4 au ya 5, ya 2.4 inapenya kuta vizuri ila ni ya polepole na majirani wote wa ghorofa wamejazana humo, hata maikrowevu inapiga kelele masafa hayohayo. Hamia 5. Ukilazimika kubaki 2.4, ingia kwenye ukurasa wa rauta uchague chaneli (njia ndani ya masafa hayo) 1, 6 au 11. Rauta itoke nyuma ya televisheni, ikae juu.

Ila kama hata kwa waya mzuri, moja kwa moja kwenye modemu, spidi ni mbovu, sasa piga. Pima siku tatu, asubuhi na usiku, piga picha kila kipimo kikionyesha saa, na ukipokelewa anza na sentensi hii: nimepima kwa waya kwenye modemu, naomba mpime laini, sitaki kubadilisha kifurushi.