Mzee kapata kiharusi na anataka funguo zake: jinsi ya kumpima kama anafaa kuendesha

Kwanza kabisa usianze kwa kumuuliza mwenyewe, maana atakwambia anaweza. Mtu kaendesha lori la Tunduma tangu ujana, ubongo ukipata hitilafu mara nyingi hata ule uwezo wa kujijua kwamba hauko sawa nao unaondoka, kwa hiyo wala hakudanganyi, anaamini kweli. Madaktari wa neva wa Marekani kwenye mwongozo wao wa 2010 kuhusu wenye shida ya kumbukumbu walisema hivyo hivyo, mgonjwa kujisema yuko salama hakusaidii kitu, ila ndugu akisema haendeshi vizuri hiyo ichukulie serious.

Kwa hiyo waulize wanaopanda gari yake, na uwaulize pembeni, sio mbele ya mzee, hakuna mtoto wa Mbeya atakayemkosoa baba yake akiwa amekaa hapo. Gari ina mikwaruzo mipya? Amewahi kupotea njia ya Mwanjelwa anayopita kila siku? Kuna mtu lazima akae naye amwambie "baba breki"? Afu swali langu ninalolipenda: mjukuu wako unaweza kumpandisha humo peke yake na babu? Mtu akisita tu kujibu, umeshapata jibu.

Kuna ambao hata huwapimi, wanasubiri kwanza. Uingereza aliyepata kiharusi haruhusiwi gari ndogo mwezi mzima, basi na lori ni mwaka, na mwenye kifafa anatakiwa akae miezi 12 bila kuanguka ndo arudi kwenye gari ndogo. Sio sheria yetu hiyo ila ni kipimo kizuri cha kuanzia. Angalia na dawa, fenobabitali, diazepamu, amitriptilini, zote zinaleta usingizi, hasa siku dozi inapoanza au kuongezwa.

Sasa macho, na hapa usikimbilie. Kaa mbele yake kama mita moja, mwambie aangalie pua yako asihamishe macho, tanua mikono, chezesha vidole vya upande mmoja, afu wa pili, afu pande zote mbili kwa pamoja. Kuna watu upande mmoja mmoja wanaona vizuri ila ukichezesha yote kwa pamoja wanaona wa kulia kwao tu, wa kushoto kwao kama haupo. Hiyo inatokea zaidi kiharusi kikipiga ubongo wa kulia, na macho yenyewe ni mazima, akienda kupimwa miwani atafaulu. Na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo huo upande anaousahau ndo wenye mtaro, waenda kwa miguu, bodaboda na mama wa ndizi pale Uyole. Ukimkuta hivi ishia hapo, hamna cha kwenda barabarani.

Miguu: akae, mguu wa kulia autoe kwenye mafuta aupeleke breki haraka, mara nyingi, bila kuangalia chini. Watu husema "mnunulie auto", sawa, inasaidia kama mguu mbovu ni wa kushoto maana klachi hamna, ila kama ni wa kulia auto haijatatua chochote. Shingo igeuke hadi aone nyuma, basi. Mwenye Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa) mpime pia saa dawa inapokaribia kuisha nguvu, sio akiwa ameimeza muda si mrefu, maana hapo kila mtu anaonekana mzima.

Vipimo vya karatasi vipo, kuchora saa, au kile cha kuunganisha namba na herufi kwa zamu, 1 kwenda A, A kwenda 2, 2 kwenda B, mpaka 13, akizidi dakika tatu au akikosea mara tatu na zaidi ni alama nyekundu. Ila usimnyang'anye mtu leseni kwa karatasi tu. Mzee ambaye shule aliishia darasa la pili huko Rungwe atafeli hata kabla ya ugonjwa, na mwalimu mstaafu anaweza kupasi huku gari imemshinda.

Mwisho barabara. Tafuta mwalimu wa driving mwenye gari la breki mbili, wewe kaa nyuma na daftari. Anzeni uwanjani, afu mtaa uliotulia, akiwa sawa ndo mwende Mafiati saa za foleni. Usimwelekeze, mwambie tu "tupeleke Soweto" uone kama anapanga njia mwenyewe, mkiwa njiani mpigishe stori kidogo uone kama mwendo unabadilika. Andika saiti mira, indiketa, umbali na gari la mbele, anavyoingia kipilefti. Mwalimu akigusa breki au usukani kumwokoa hata mara moja, hajafaulu. Mteremko wa Iwambi wala Kitonga sio sehemu ya mtihani jamani.

Akifaulu bado unaweza kuweka masharti, asiendeshe usiku, asipite Igawilo kwenda Tukuyu ukungu ukishuka, na kama ugonjwa ni wa kuzidi taratibu kama kupoteza kumbukumbu arudiwe kila miezi sita. Akifeli aambiwe na daktari, kwa maandishi, sio na mtoto wake, ugomvi wa funguo umevunja nyumba nyingi. Mwenye usahaulifu hata hiyo barua ataisahau kesho yake, kwa hiyo funguo zikae kwa mtu mwingine. Na ukimkataza gari usimwachie pikipiki, wala pawatila ya shamba, zile nazo zinapita barabarani.