Kufunga na Kusafisha Kiwanda cha Kuyeyusha Risasi

Kuzima tanuru si kufunga kiwanda. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ulijifunza hilo kwa uchungu: kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi, metali yenye sumu, kilisimama mwaka 2014, lakini mwaka 2020 mahakama ilikuwa bado inaagiza udongo wake usafishwe.

Nchini Kenya, anza kwa kuiarifu NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na kuwasilisha mpango wa kufunga unaotaja taka zilizopo, njia ya kuziondoa na atakayegharamia. Mmiliki akikaidi, Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 inairuhusu mamlaka hiyo kumpa amri ya kurejesha mazingira.

Kisha pima kabla ya kuchimba, na hapa usiharakishe. Gawanya eneo katika miraba, uchukue sampuli za udongo wa juu na wa chini kidogo, ukivuka ukuta hadi kwenye mitaro na nyua za majirani, kwa maana risasi haiozi, na vumbi lake hutua hata kwenye kizingiti anapochezea mtoto. Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe risasi katika damu ya mtu ikifikia mikrogramu 5 kwa desilita.

Tindikali ya betri huondolewa ukali kwa chokaa. Mabaki ya tanuru hufungwa na kusafirishwa na mwenye leseni ya taka hatari. Lowesha udongo unapochimba, la sivyo utausambaza upya. Ukishajaza udongo safi, pima tena kabla ya kuomba idhini ya mwisho.