Kimara hadi Kivukoni na kurudi, kwa miguu

Jijini Dar es Salaam, kutoka Kimara Mwisho hadi Kivukoni ni takribani kilomita 15. Kwenda na kurudi kwa siku moja ni zoezi zuri mno la kukomaza moyo, kwa sababu njia nzima mabasi ya mwendokasi yanakupita ubavuni na nauli unayo mfukoni.

Wengi hawaangushwi na miguu. Huanza bila masharti, halafu wanaamua mambo wakati jua limeshapanda. Kwa hiyo siku moja kabla, andika sababu za kuacha zinazokubalika: kizunguzungu, kutapika, kuchanganyikiwa, maumivu makali ya sehemu moja yanayokufanya uchechemee. Uchovu haumo, wala aibu ya kutazamwa vituoni. Hamu ya kuacha ikija, tembea dakika 10 ndipo uamue. Mara nyingi itakuwa imeshapita, na kuiona ikipita ndiyo faida yenyewe ya zoezi hili.

Jiandae wiki nane, siku tatu kwa wiki: mbili za saa moja, moja ndefu. Ndefu ianzie kilomita 8 na kupanda kwa mbili kila wiki. Wiki ya nne rudi 8, kisha endelea na 14 hadi ufike 20. Wiki ya tisa pumzika. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au ujauzito amwone daktari kwanza.

Chagua Jumapili kati ya Juni na Agosti. Kuanzia Desemba hadi Machi unyevu ni mwingi, jasho halikauki na mwili haupoi. Ondoka saa 12 asubuhi na mwenzako. Kwa mwendo wa kawaida mtafika Kivukoni saa 3. Msikae zaidi ya robo saa, miguu itakakamaa.

Usivae viatu vipya. Paka mafuta ya mgando kwenye vidole na mapaja. Ukihisi kuungua unyayoni, simama papo hapo ubandike plasta. Ukisubiri kituo kinachofuata, litakuwa lengelenge.

Kunywa kwa kiu. Maji matupu mengi hupunguza chumvi mwilini, ukaumwa kichwa na kichefuchefu. Changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, ukipishanisha na maji ya kawaida. Mwenzako akianza kuongea ovyo, mpeleke kivulini, mmwagie maji shingoni na kwapani, mpepee, kisha hospitali haraka.

Kipande kigumu ni cha mwisho: kuanzia Ubungo barabara inapanda. Usiwaze Kimara. Waza kituo cha Kibo, ukifika waza cha Baruti, kisha cha Korogwe.